Mara Moja Tu, Mwanzoni

Ofisi ya Nakala, Mahakamani
Bahawalnagar
3 Oktoba 1995

Zarqa,

Barua yako ilifika Jumamosi. Nimeisoma mara mbili mezani na mara moja chooni, kwa sababu Barkat, karani wa meza ya pili, husoma barua za wenzake kwa kujifanya ameangusha kifutio. Mimi mzima, ila joto la huku bado halijaondoka. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na paa la jikoni limezibwa.

Tumeoana siku sitini na tatu sasa, na kati ya hizo tumekaa pamoja kumi na moja. Sisemi hivi kulalamika. Kazi yangu ni kuhesabu kurasa, na akili imeshazoea.

Uliuliza kazi yangu hasa ni nini, maana Mama huwaambia majirani kwamba mimi ni hakimu mdogo. Si hakimu hata kidogo. Mtu akitaka nakala ya hukumu yake, mimi huketi nikaiandika upya kwa mkono, neno kwa neno, pamoja na makosa yaliyomo, kisha chini naandika: Imethibitishwa kuwa nakala ya kweli. Naweka sahihi, msimamizi anagonga muhuri. Nikiongeza hata nukta ambayo haikuwepo, nimeghushi.

Bado niko kwenye majaribio. Tarehe 18 Desemba jaji atakuja kukagua, na kila karani wa majaribio ataandika ukurasa mmoja mbele yake, kwa saa moja, bila doa na bila kufuta. Tuko watatu na nafasi ni mbili. Asiyepita anarudi kwao. Nikirudi hivyo, sijui nitamtazama vipi baba yako, ambaye alimwoza binti yake kwa karani wa serikali, si kwa mtu tu anayeitwa Tanvir.

Usishangae mwandiko wangu ukionekana mzito. Kalamu hii inakwamakwama.

Jambo la mwisho. Umeandika kwamba kliniki wamekuondoa kwenye kufunga vidonda, na sasa unawatuliza wagonjwa. Umeandika hivyo tu, mstari mmoja, kisha ukarudi kwenye habari za paa. Unawatuliza vipi? Ni wanaume au wanawake? Nauliza ili nielewe.

Mumeo,
Tanvir

*

Sialkot
10 Oktoba 1995

Bwana Karani,

Mama yako hajambo. Paa lilizibwa Jumatatu, mbuzi wa jirani akalizibua Jumanne.

Kliniki yetu ni ya mikono tu, na mji huu hauishiwi mikono. Wanakuja wanaoshona mipira, wanaonoa mikasi na koleo za hospitali, na wanaokata ngozi. Wengi ni wanaume, ndiyo, kwa kuwa mashine za kunolea hushikwa na wanaume. Daktari Naheed hawalazi usingizi. Anapasua kidogo kiganjani, mgonjwa yu macho, na nusu saa baadaye yuko barazani anakunywa chai. Lakini kabla ya hapo lazima adungwe sindano ya ganzi, na kiganja ni mahali pabaya pa kudungwa. Nimeona mtu aliyeacha kidole kwenye mashine bila kutoa sauti akiruka kitandani kwa sindano hii.

Sasa Daktari ananifundisha mimi kuidunga. Chupa ya dawa naiweka kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, kwa sababu dawa baridi inachoma. Naichanganya na matone mawili matatu ya maji ya magadi ya hospitali, yaue ukali wake. Sindano yenyewe ni nyembamba kama unywele. Nafinya ngozi, nadunga, nasimama. Naingiza tone moja, nangoja. Mtu anahisi kama ameumwa na mdudu mmoja, basi. Tangu hapo dawa hutangulia na sindano hufuata nyuma yake. Ngozi ya mbele ikivimba na kupauka ndipo nasogea. Ukiwa na haraka umeshindwa. Daktari husema, "Zarqa, jifanye una siku nzima na huna mume wa kumpikia." Namwambia mume ninaye, ila amefungiwa na makaratasi Bahawalnagar.

Na muda wote huo nazungumza. Hiyo ndiyo kutuliza. Namuuliza mtu kitu anachokijua kuliko mimi, maana anayefundisha husahau kuogopa. Juzi kijana mmoja, Aftab, mshonaji, alinieleza jinsi wanavyofunga mshono wa mwisho wa mpira bila fundo kuonekana. Nikamwambia, "Muongo wewe, fundo lazima lipo." Akasema, "Lipo, Dada, ila liko ndani. Hulioni mpaka mpira upasuke." Tulicheka mpaka Daktari akatugombeza kwamba kiganja kinatikisika.

Naandika hapa mezani kliniki, makaratasi yamenijaa mpaka mapajani, na mgonjwa mwingine anakohoa mlangoni. Kalamu yako itumbukize kwenye maji ya moto.

Zarqa

*

Bahawalnagar
17 Oktoba 1995

Zarqa,

Barua imefika, pamoja na vyote vilivyokuwa ndani ya bahasha.

Nimefurahi kuelewa kazi yako. Ina mpangilio mzuri. Nina maswali machache tu, ya kawaida. Huyo Aftab ana umri gani? Ameoa? Mtu akishapasuliwa, analazimika kurudi, au habari zake huishia hapo? Na wagonjwa huwa wanawaandikia chochote wauguzi baada ya kupona, kwa mfano shukrani?

Hapa hakuna jipya. Barkat ameuliza mke wangu anafanya kazi gani, nikamjibu kwa kifupi. Akasema, "Basi, Bwana harusi, mwenzako huko anashika mikono ya watu, wewe huku umeshika kalamu." Ofisi nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka.

Kalamu bado inakwama.

Tanvir

*

Sialkot
24 Oktoba 1995

Bwana Karani,

Barua yako ilikuwa fupi kama risiti. Na maswali yote ya Aftab, hata la paa hakuna.

Haya. Ana miaka ishirini na minne. Hajaoa, mama yake anamtafutia. Ana macho ya kijani, na akina mama wa barazani husogea karibu akianza kusimulia. Kesho Jumatano anarudi kutolewa nyuzi. Ndiyo, wagonjwa hurudi, la sivyo nyuzi zingeotea ndani. Na ndiyo, wanatuandikia. Kila mmoja. Daktari hamruhusu mtu kuondoka bila kuandika.

Niambie habari zako. Unakula nini? Mama anapika mboga za haradali na mkate wa mahindi, na kila jioni anaweka sahani yako kisha anaiondoa. Nakumbuka siku ya tisa, kule juu ya paa la nyumba, ulivyonikatia pera ukalitia chumvi, na hukusema neno. Nilidhani una mengi ya kusema, nikangoja. Bado nangoja.

Zarqa

*

Bahawalnagar
2 Novemba 1995

Bibi Zarqa,

Nimeandika barua hii mara tano, na hii ndiyo niliyoamua kuituma.

Katika bahasha yako ya tarehe 10 Oktoba, kati ya ukurasa wa kwanza na wa pili, nilikuta kipande cha karatasi chenye ukubwa wa kiganja. Sikukitaja. Nilingoja ukitaje wewe, hukukitaja. Sasa nakinakili hapa kama kilivyo, bila kuongeza wala kupunguza:

"Umeniumiza mara moja tu, mwanzoni. Baada ya hapo sikuhisi tena kitu. Mungu aibariki mikono yako. Aftab."

Mimi ni mtu wa makaratasi. Naomba unisikilize kama mtu wa makaratasi.

Kwanza, mbele ya watu anakuita Dada. Katika karatasi hii hakuna Dada. Mtu hukuita Dada mbele ya Daktari, kisha kwa siri akaliacha neno hilo.

Pili, maneno yenyewe. Amekulaumu kwa kumuumiza. Mwanzoni. Kwa hiyo pana mwanzo, na penye mwanzo pana na yaliyofuata.

Tatu, mwandiko. Nimekaa miezi saba nikitazama miandiko ya wenye haki na wasio na haki. Huu unatetemeka. Herufi zinapanda na kushuka, na jina lake limekatika katikati. Aliyeandika hivi alikuwa analia, au alikuwa anaficha karatasi chini ya shuka.

Nne, umekihifadhi. Kama si kitu, mbona hukukitupa? Na kama ni kitu, mbona kiliingia katika bahasha yangu? Jibu ninalo: ulikuwa nacho mkononi ulipokuwa unaniandikia mimi.

Sikulaumu kwa kuwa na kazi. Lakini nieleze. Mimi nina siku kumi na moja. Yeye amelala pale nusu saa, umemuuliza anachokijua, umemsikiliza, umecheka naye mpaka mkono ukatikisika. Mimi hujaniuliza ninachokijua. Sijawahi kukuchekesha. Nilikukatia pera. Sikujua kwamba ulikuwa unangoja, na sasa umeliandika hilo katika barua ile ile yenye macho ya kijani.

Nimeanza barua kwa Mama, ya kumwomba akuzuie kwenda kliniki. Iko kwenye droo. Nataka maelezo yako kabla sijaitia stempu.

Tanvir Bhatti

*

Sialkot
9 Novemba 1995

Tanvir,

Nakuita kwa jina lako, mara hii tu, ili ujue nimekasirika kiasi gani.

Wiki tatu nimekuwa nikitafuta kikaratasi hicho. Nimeinua godoro. Nimemwaga kapu la takataka uani kwetu, mama yako akadhani nimeangusha pete.

Sikiliza basi, mtu wa makaratasi. Kila mgonjwa akishafungwa bendeji, kabla ya chai, anapewa kikaratasi aandike ni mara ngapi sindano ilimuumiza. Daktari hataki atuambie kwa mdomo, kwa sababu mtu huona haya mbele ya aliyemdunga na kusema "wala sikusikia." Asiyejua kuandika huchora vijistari. Ukidunga vizuri, anaumia mara moja, pale ngozi inapotobolewa mwanzoni, na baada ya hapo hahisi kitu. Nikipata vikaratasi hamsini mfululizo vya "mara moja," Daktari ataniachia nidunge peke yangu, na kazi hiyo itakuwa yangu hata akija muuguzi mwenye vyeti vingi kuliko mimi. Ninavyo thelathini na saba kwenye kopo la biskuti. Vingekuwa thelathini na vinane, lakini kimoja mume wangu amekiweka kielelezo.

Dada hakuandika, kwa sababu mkono ulimchoka. Na mwandiko unatetemeka kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji mpaka kwenye kifundo. Aliandika kwa kushoto. Wote huandika kwa kushoto. Hakulia. Alikuwa anakula biskuti.

Ungependa nikuambie Aftab ni mzee asiye na meno. Siwezi. Ni kijana, ni mcheshi, na macho yake ni vile nilivyosema. Kama ningekuwa na la kuficha, ningekuandikia kwamba ana makengeza.

Sasa na mimi nina swali, na usinijibu kwa maneno ya mahakamani.

Miezi miwili hii nimesoma mikono ya kushoto ya watu wa kila aina. Naijua kama Mama anavyozijua kunde zenye wadudu. Herufi huegemea upande usio wao, kama abiria basi linapokata kona. Nukta hukaa mbali na herufi zake. Barua yako ya Oktoba 3 iliandikwa kwa kulia, polepole, na mtu anayekunja uso. Ya tarehe 17 hivyo hivyo, fupi zaidi. Ya tarehe 2 Novemba, kurasa mbili nzima za kunishtaki, umeiandika kwa mkono wa kushoto.

Hakuna kalamu inayokwama. Ni kidole gani?

Zarqa

*

Bahawalnagar
15 Novemba 1995

Zarqa,

Kidole cha kati.

Kilianza Agosti, wiki niliyorudi huku. Asubuhi naamka kimejikunja, na nikikinyoosha kwa mkono wa pili kinaruka kwa mlio, kama kifungo cha koti. Mwanzoni kilikuwa kinaachia ikifika saa tatu. Sasa kinakwama mchana kutwa. Nikishika kalamu nusu ukurasa, mkono unabaki umekunjwa hivyo hivyo, na naushusha chini ya meza ili msimamizi asiuone. Barkat ndiye amekuwa akinakili kurasa zangu tangu mwezi uliopita, kwa sahihi yake mwenyewe, si yangu. Aliniona siku moja nikikivuta kidole kwa meno. Hakucheka. Alisema, "Lete hiyo hukumu ya ng'ombe, Bwana harusi, wewe panga mafaili." Tangu hapo wenzangu wawili wa majaribio wameanza kuulizana mbona sahihi yangu haionekani.

Barua ya Mama nimeichana. Kikaratasi cha Aftab kipo. Naona haya kukitia kwenye bahasha hii.

Utauliza kwa nini sikukuambia wewe, ambaye kazi yako ni hii hii. Nitakuandikia, kwa kuwa siwezi kulisema. Nilipokuwa na miaka saba nilitokwa na jipu kiganjani. Mjomba alinipeleka kwa kinyozi wa sokoni. Hapakuwa na ganzi. Mjomba alinikalia kifuani, na kinyozi alikuwa anazungumza na mtu mwingine juu ya bei ya mahindi. Mpaka leo nikisikia harufu ya spiriti, natoka chumbani. Naogopa sindano kuliko ninavyomwogopa jaji.

Ulipoandika juu ya maji ya uvuguvugu na tone moja moja, niliisoma sehemu hiyo zaidi ya zote. Wivu wangu ulianzia hapo, kabla hata ya kikaratasi. Niliwaonea wivu wote wanaolala pale. Nikaona ni rahisi zaidi kumchukia mmoja mwenye jina.

Zimebaki siku thelathini na tatu.

Tanvir

*

Sialkot
20 Novemba 1995

Bwana Karani,

Jumatatu tarehe 27, saa nne asubuhi. Panda basi la Jumamosi jioni, kwa sababu ukungu umeanza na Lahore magari yanalala. Nimemweleza Daktari. Ni ukanda mdogo chini ya kidole unaobana, anaukata, dakika kumi. Ukitulia utaandika baada ya wiki mbili na nusu, kwa shida lakini utaandika.

Daktari anasema atakudunga mwenyewe, kwa sababu wewe ni wa nyumbani kwangu. Au nikudunge mimi. Chagua wewe, na ukichagua usiniambie kwa nini.

Lete kikaratasi.

Z.

*

Bahawalnagar
30 Novemba 1995

Zarqa,

Naandika kwa kushoto, kihalali sasa.

Tumekaa nyumba moja usiku mbili na hatukupata kuzungumza hata robo saa. Mama alinilisha kwa mkono wake kama mtoto, mashangazi wakaja kutazama bendeji, na mjomba yule yule akasema, "Siku zile tulifanya kwa wembe na ukapona." Kwa hiyo nasema huku.

Nilikuchagua wewe. Usiku kucha ndani ya basi nilikuwa nimejiandaa. Ulisema unamuuliza mtu kitu anachokijua, na mimi nilipanga nitakachokueleza: jinsi ya kunakili hukumu yenye kosa, kwamba kosa unaliandika vile vile na kuweka duara dogo pembeni, ili asomaye ajue kosa si lako. Nilijua litakuchekesha. Nilikuwa na mfano wa ng'ombe aliyeandikwa kuwa shahidi.

Hukuniuliza. Niliweka mkono juu ya shuka, ukautazama, na hukusema neno lolote tangu mwanzo mpaka mwisho. Uliingiza sindano. Nikahisi. Nikangoja yale uliyoandika, kwamba baada ya hapo ni kimya. Nikahisi tena, na tena, na mara ya nne karibu na kidole, kwa ukali, mpaka Daktari akasema, "Zarqa, pole pole." Baadaye sikuhisi kitu, hilo ni kweli. Aliponiambia kunja, nyoosha, nikakiona kidole changu kinakwenda na kurudi bila mlio, nilitaka kukutazama, lakini ulikuwa umegeuka unapanga vyombo.

Kisha nikapewa kikaratasi. Nilijua kuhusu kopo la biskuti. Nilijua hata kumi na wawili hawajabaki. Nilishika kalamu kwa kushoto nikafikiri kuandika moja, na ningeandika, lakini mkono wangu haujawahi kuandika ambacho hakikuwepo. Nikaandika nne. Nikasikia Daktari akikuambia, "Basi, tunaanza upya kuanzia moja."

Zarqa, nauliza mara moja na sitauliza tena. Aftab mara moja. Watu zaidi ya thelathini, mara moja moja. Mimi nne, na bila hata neno. Labda mkono hukaza kwa mtu usiyemtaka. Kama ndivyo, niandikie. Mimi nitaelewa.

Tanvir

*

Sialkot
6 Desemba 1995

Bwana Karani,

Una akili nyingi na huna akili.

Mkono wa Aftab ni mkono tu. Unaletwa, unaoshwa, unadungwa. Wa mwenye mashine ni mkono tu. Siku moja waliniletea wa mwanamume mzuri kuliko Aftab, na ninachokumbuka ni sugu mbili na msumari.

Wewe uliuweka wako juu ya shuka, nikaona kovu la jipu, katikati, lililopinda kama mwezi. Nikaona na mahali kisu cha pera kilipokuchubua siku ya tisa, ukanificha damu kwa kushika kikoi. Nilitaka kukuuliza unachokijua. Nilikuwa na swali tayari tangu Oktoba. Likanipotea. Nikasahau kikombe cha maji ya uvuguvugu, dawa ikaingia baridi. Nikasogea kabla ngozi haijapauka. Kila kosa nililofundishwa nisifanye, nilifanya kwa muda wa dakika tano, mimi niliyekuwa nikijisifu.

Ulipotoka nililia kwenye chumba cha bendeji. Daktari akanikuta. Akasema, "Ndiyo maana nilitaka kumdunga mimi. Mkono hautetemeki kwa wageni."

Kwa watu zaidi ya thelathini haukutetemeka. Unapenda ushahidi: huo hapo, umeuandika mwenyewe.

Ulipoandika nne nilikukasirikia mpaka jioni. Kisha nikafikiri, angeandika moja, ningemwamini vipi tena kwa lolote. Nimeanza upya. Leo ninavyo vitatu.

Aftab alipita jana na mpira, zawadi ya kliniki. Daktari akasema tumpe mtu mwenye watoto. Mpaka apatikane nimeuleta nyumbani, mama yako ameuweka juu ya kabati. Nakuambia kabla hajakuambia yeye.

Kunja na nyoosha kidole, mara kumi kila saa. Hata kikiuma.

Zarqa

*

Bahawalnagar
19 Desemba 1995

Zarqa,

Naandika kwa mkono wa kulia. Tazama.

Jana saa nne tuliketi watatu mbele ya jaji. Tulipewa hukumu ya shamba, ukurasa mmoja. Kidole kiliuma tangu mstari wa sita, lakini kilikwenda na kurudi. Jaji alipita nyuma yetu, akasimama kwangu, akaona plasta kiganjani.

"Umepasuliwa lini?"

"Wiki tatu zilizopita, mheshimiwa."

"Iliuma?"

"Mara nne, mheshimiwa."

Akanitazama, labda akadhani nina ugonjwa wa pili, wa kichwa. Barkat mlangoni akaangusha kifutio chake kwa kweli.

Nimethibitishwa, wa pili kati ya wawili. Barkat amenunua vitamutamu vya jalebi kwa ofisi nzima na kuniambia, "Sasa omba likizo, Bwana harusi, ukamchekeshe mkeo, maana sisi hutuchekeshi." Nimeomba. Wamenipa siku kumi kuanzia tarehe tano Januari. Nitakueleza habari za ng'ombe.

Nakurudishia kikaratasi cha Aftab, nilichoona haya kukitoa nilipokuja. Najua hakihesabiwi tena, lakini ni chenu, si changu. Huo mpira ukae juu ya kabati. Siupendi, lakini ukae.

Nina ombi. Kikaratasi changu kile, kama hamjakitupa, nitumie. Nataka kuwa nacho hapa mezani.

Mumeo,
Tanvir

*

Sialkot
26 Desemba 1995

Bwana Karani,

Hukipati. Kiko mahali pake, pamoja na nguo nyekundu ya harusi, na hakitoki.

Nimekunakilia hapa chini, neno kwa neno.

"Umeniumiza mara nne. Tanvir."

Jina lako hapo mwishoni lilikatika katikati, nimelikata vile vile, na duara dogo nimeliweka pembeni, ili asomaye ajue kosa si langu.

Imethibitishwa kuwa nakala ya kweli.
Zarqa